Namna ya Kutabiri Mvua na Bado Ukasalimiwa Kijijini

Wewe mtafiti wa hali ya hewa, elimu unayo. Unafuatilia joto la Bahari ya Hindi hadi sehemu ya kumi ya nyuzi, na bado ukipita gulioni unasikia kicheko nyuma yako: "Si huyu aliyesema mvua itanyesha?" Kicheko hicho kina dawa, na dawa yenyewe haimo kwenye kompyuta. Nakuandikia kwa sababu kazi yako huokoa watu pale tu inapowafikia, na mara nyingi huishia mlangoni mwa ukumbi wa warsha.

Ukienda kijijini, geuza milimita kuwa ndoo. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Basi mvua ya milimita 50 ikishuka kwenye shamba la ekari moja, inamwaga takriban lita 200,000, yaani ndoo 10,000 za lita 20. Litamke hilo mbele ya akina mama wanaoamka alfajiri kuwahi foleni ya kisima, kisha nyamaza. Watauliza maji yote hayo huenda wapi, na hapo umepata nafasi ya kuzungumzia matuta, makingamaji na malambo bila kuchora grafu hata moja.

Asilimia nazo usizifiche. Hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu, kwa kuogopa kwamba mwanakijiji hataelewa. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya msimu kuandaa utabiri wa pamoja, na kituo cha tabianchi cha ukanda huo, ICPAC, kilichoko Ngong, karibu na Nairobi, ndicho kinachoratibu. Utabiri huo hupanga misimu ya miaka iliyopita katika mafungu matatu yaliyo sawa: ya mvua nyingi, ya wastani na ya mvua haba. Bila habari yoyote, kila fungu lina nafasi 33 hivi kati ya 100. Tuseme ramani imelipa fungu la mvua nyingi 45, la wastani 35 na la mvua haba 20. Hiyo ni habari yenye thamani kubwa. Lakini inasema pia kwamba katika misimu kumi ya namna hiyo, mitano au sita haitakuwa ya mvua nyingi. Ukifupisha ukatangaza "mwaka huu mvua tele", umeahidi kitu ambacho ramani yako haikuahidi, na msimu ukienda kombo utadaiwa wewe. Mweleze mkulima zile 20 za ukavu. Atapanda mahindi sehemu kubwa ya shamba, na kipande kilichobaki atakipanda mtama, kwa sababu kugawa shamba kwa kuhofia mwaka mbaya ni jambo alilolikuta kwa wazazi wake. Huyo hahitaji semina ya siku tatu kuhusu uwezekano. Anahitaji namba zote, kwa wakati, kabla hajanunua mbegu.

Jukwaa usimwachie mwanasiasa. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba, kwa mujibu wa wataalamu, El Niño haingefika kiwango cha kuleta maafa. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetabiri mvua za juu ya wastani katika sehemu nyingi za nchi. Mafuriko yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 100. Inauma, maana habari ya kuwaonya ilikuwapo. Kwa hiyo andaa sentensi moja fupi ambayo hata msemaji mwenye haraka hawezi kuikata katikati: "Mvua kubwa inakuja, aliyejenga bondeni ahame wiki hii." Kisha omba kipaza sauti uiseme mwenyewe, na uirudie redioni kwa lugha ya mahali hapo.

Kabla ya kufungua ramani yako, kaa na wazee wa mvua. Ukoo wa Nganyi huko Bunyore, magharibi mwa Kenya, umejulikana kwa kutabiri mvua vizazi na vizazi, na wataalamu wa serikali wamekaa nao wakalinganisha utabiri ili wananchi wapate neno moja. Nchini Tanzania, Ladislaus Chang'a, aliyechaguliwa mwaka 2023 kuwa makamu mwenyekiti wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, alichapisha na wenzake mwaka 2010 utafiti kuhusu wakulima wa nyanda za juu kusini magharibi wanavyosoma miti, ndege na wadudu. Waache wazee waseme kwanza, uandike, ndipo utoe yako. Ukianza wewe watakuitikia kwa adabu tu, na utaondoka na vichwa vilivyotikiswa badala ya maarifa.

Halafu, msimu ukiisha, rudi. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Nenda Juni, masika yakishapita, usome hadharani ulichosema Februari, na karibu yake usome kipimo kilichorekodiwa na kipima mvua cha shule ya msingi. Ulipokosea, eleza sababu: vuli hufuata kwa karibu mwenendo wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, ilhali masika hayatabiriki kirahisi. Waambie pia kwamba kuanzia miaka ya 1980 masika yalipungua kwa miongo kadhaa sehemu nyingi za ukanda wetu, wakati modeli nyingi zilionyesha yataongezeka, na kwamba wanasayansi wenyewe bado wanalifumbua fumbo hilo. Hawatakudharau. Wao wameyaona mashambani, na walikuwa wakingoja mtu wa ofisini akiri.

Utaniambia mradi hauna fedha za safari ya pili. Basi kwenye maombi yajayo ya ufadhili, nauli ya kurudi kijijini iandike mstari wa kwanza wa bajeti, juu ya kompyuta mpya, na atakayetaka kuifuta akueleze sababu kwa maandishi.