Muulize Shangazi Dira: Mume Wangu Anatafuta Sanduku

Barua za Kigali zimejaa mezani, na karibu zote zinahusu GPS ya mkononi na ule mchezo wa kusaka masanduku uitwao jiokeshingi. Sikujua kwamba watu wa Biryogo na Kacyiru wana muda wa kutafuta vitu ambavyo hawakuvipoteza wao. Haya, tusome.

Shangazi, asalaam aleikum. Mume wangu ni mtu wa ofisi. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, akishika jembe dakika kumi, mgongo unamuuma wiki nzima. Lakini siku hizi kila Jumapili anaamka alfajiri, anavaa buti na kupanda Mlima Kigali. Anarudi na matope mpaka magotini. Nikimuuliza, anasema alikuwa anatafuta sanduku lililofichwa na Mholanzi asiyemjua, na ndani yake mna daftari na mwanasesere. Nimwamini?
– Mke, Biryogo

Waaleikum salaam, mwanangu. Uongo wa wanaume naujua, na huwa una akili kuliko huu. Mwenye siri husema yuko kikaoni. Hasemi yuko mlimani anamfuata mwanasesere wa Mholanzi.

Mchezo wenyewe upo. Zamani Marekani, ambao ndio wenye GPS, walikuwa wakizichafua makusudi ishara zinazopokewa na raia, kiasi kwamba mashine ya mkononi ingeweza kukosea hata mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Clinton, uchafuzi huo ukazimwa. Haikupita hata wiki: tarehe 3 Mei, bwana mmoja wa jimbo la Oregon, Dave Ulmer, akaweka ndoo porini na kutangaza latitudo na longitudo yake, mwenye mashine aende akaitafute. Ndani aliweka vitabu, kombeo na kopo la maharage. Masharti yake yalikuwa mepesi: chukua kitu, acha kitu, andika jina daftarini. Leo masanduku ya namna hiyo yako kila bara.

Daftari hilo ndilo shahidi wako. Kila anayelipata sanduku huandika jina na tarehe. Jumapili ijayo vaa viatu vya kupandia, mfuate, ulifungue mwenyewe. Ukikuta jina lake, basi umeolewa na mtoto mkubwa, na hilo halina dawa. Ukikuta jina lake na jina la binti mmoja, tarehe zilezile, kila Jumapili, niandikie tena.

Shangazi, shikamoo. Nimeweka akiba ninunue GPS ya mkononi ya kuchezea mchezo huu. Binamu yangu aliye Dubai ananihimiza nichukue ya dola 500, eti ina WAAS na kioo kikubwa. Rafiki yangu wa Remera anasema simu inatosha. Nimsikilize nani?
– Kijana wa Kacyiru

Marahaba. Kwa masanduku ya mjini, msikilize rafiki yako. Simu inapokea setilaiti zilezile, tena bure. Bando huliwa na ramani. Ila simu ina siku zake. Mvua ya masika ikikunyeshea, kioo hakijui tena kidole kipi ni chako na tone lipi ni la Mungu. Ikikuponyoka kwenye mawe ya Mlima Jali, mchezo umekwisha na namba za watu zimekwenda. Na chaji inayokutosha kutwa nzima ofisini haifiki saa nane mchana ukiwa msituni. GPS ya mkononi hununuliwa kwa ajili ya mahali simu inaposhindwa. Timu zilizohesabu sokwe wa milima ya Virunga mwaka 2015 na 2016, wakapatikana 604, zilizunguka kwenye ukungu na mianzi zikiandika njia na viota kwa GPS. Kama wewe unaishia Kimironko sokoni, pesa yako ibaki benki.

Kuhusu WAAS, binamu anakuuzia koti la theluji uende nalo kwenye joto la Bugarama. WAAS ni masahihisho yanayorushwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini, na EGNOS ni ya Ulaya. Kigali haimo katika eneo la yoyote kati ya hizo. Neno hilo kwenye boksi litaongeza bei tu. Mita hazitapungua hata moja.

Wewe angalia betri kwanza. Nataka mashine inayotumia betri za AA, zile za saa ya ukutani, ambazo utazipata hata kwenye kibanda cha mwisho kabla ya msitu. Betri ya kuchomeka ukutani ni nzuri mpaka pale ukuta unapokosekana.

Pili, angalia dira ya elektroniki. Hili wauzaji hawalisemi, na ndilo litakalokutesa. Mashine isiyo na dira hiyo inajua upande unaoelekea pale tu unapotembea. Ukisimama, mshale unaanza kuyumba kama umepagawa. Na mchezo huu ugumu wake uko mita kumi za mwisho, wakati umesimama, unageukageuka, unakagua mzizi baada ya mzizi. Ndiyo maana Garmin eTrex 22x, ambayo ni nzuri kwa mengine, mimi siipendi kwa kazi hii: haina dira hiyo. Ndugu yake eTrex 32x anayo, pamoja na kipima mwinuko kinachotumia kanieneo ya hewa. Walizitoa zote mbili mwaka 2019. Mwaka 2023 wakatoa eTrex SE: bei yake iko chini, dira ipo, betri mbili za AA, na mtengenezaji anadai inakaa saa 168. Haina ramani ndani, lakini ramani unayo kwenye simu mfukoni. Mimi ningechukua hiyo. Mpenda Nyungwe, ambako majani yanafunika mbingu yote, aongeze pesa achukue GPSMAP 65s inayopokea masafa mawili. Chini ya miti mikubwa utaiona tofauti. Hiyo ya dola 500 mwachie binamu.

Ukishanunua, usidanganyike na umbali. Mshale hupima mstari ulionyooka. Umesimama Kiyovu, mashine inakwambia sanduku liko Kimihurura, kilomita mbili tu, wala haigusii kwamba kati yenu kuna bonde la Kimicanga la kushuka na kulipanda. Watu wa Kigali tunahesabu vilima. Mashine inahesabu mita.

Na jambo ambalo hutalisoma kwenye boksi lolote: nchi zilizo karibu na ikweta husumbuliwa na tabaka la juu la anga, ionosfia, ambalo hutibuka saa chache baada ya jua kuzama, hasa karibu na Machi na Septemba, katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Ukiona saa mbili usiku mashine inarukaruka, usiirudishe dukani. Lala, uende asubuhi.

Shangazi, nisaidie. Kuna binti nampenda. Alinitumia namba za mahali pa kukutana, Nyamirambo. Nikaziingiza kwenye GPS mpya, mshale ukaelekea kaskazini, nikachukua pikipiki hadi Nyabugogo, nikapanda basi, nikashuka Byumba. Binti anasema nimemdharau.
– Niliyefika Byumba

Pole, baba. Hukupotea ovyo, umepotea kwa hesabu sahihi kabisa. Kigali iko digrii 1 na dakika 57 kusini, digrii 30 na dakika 4 mashariki. Dakika ziko 60 katika digrii moja, kwa hiyo kwa desimali hiyo ni 1.95 na 30.07. Wewe umeandika 1.57 na 30.04, na mahali hapo ni jirani na Byumba, kama kilomita 42 kaskazini. Wachezaji wa masanduku hutumia digrii na dakika zenye desimali. Ramani nyingi za simu hutoa digrii za desimali tupu. Ingia kwenye mipangilio ya mashine, uchague mtindo uleule wa anayekutumia namba.

Shukuru hukusahau pia kuweka S ya kusini. Ungeweka N ya kaskazini, ungefuata mshale karibu kilomita 390 hadi Ituri, Kongo, magharibi mwa Bunia, na huko hakuna basi la kutoka Nyabugogo.

Ukiwa humo kwenye mipangilio, hakikisha imeandikwa WGS 84. Ramani za zamani za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa msingi mwingine, Arc 1960, na ukichanganya viwili hivyo unakosea karibu mita 300. Binti mwonyeshe hesabu hii. Akicheka, peleka posa.

Jirani yangu wa Masaka amesogeza ua. Nataka kununua GPS nimwonyeshe mpaka. Ninunue ipi?
– Mwenye Haki

Usinunue yoyote. Mashine ya mkononi, penye mbingu wazi, hukosea mita 3 hadi 5. Kama ua umesogea nusu mita, Jumatatu itakupa haki wewe na Jumanne itampa jirani. Ardhi ya nchi hii ilisajiliwa kati ya 2009 na 2013, vipande zaidi ya milioni 10, na mipaka ikachorwa juu ya picha zilizopigwa kutoka angani. Chukua hati yenye namba ya kiwanja chako, UPI, mwite mpimaji mwenye leseni na vyombo vyake vinavyofika sentimita. Mkiendelea kubishana, abunzi, wapatanishi wa mtaani, wapo.

Shangazi, nimesoma mwongozo wa Wamarekani: chukua sanduku la bati la risasi za jeshi, daftari lifunge kwenye mfuko wa plastiki, kisha lifiche chini ya daraja. Nimeona mahali pazuri karibu na Kigali Convention Centre. Sanduku la risasi nitalipata wapi?
– Mfichaji, Kicukiro

Keti kwanza, unywe maji. Kwa sentensi tatu umekosana na jeshi, na sheria ya mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu 2008, na kila askari anayelinda jengo ambalo marais hukutania. Hata ungelificha kwa ustadi, wafagiaji wa barabara wa jiji hili wangeliona kabla ya saa moja asubuhi.

Kanuni za mchezo wenyewe zinakukataza pia. Lazima mwenye mahali akubali. Sanduku halifukiwi bila ruhusa yake ya wazi. Chakula hakiwekwi ndani. Kati ya sanduku na sanduku ziwe mita 161 au zaidi. Na kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari, Gisozi au kwingine kokote, usifiche kitu. Hapo sina mzaha.

Tafuta mkebe wa bati wenye kifuniko kinachokaza, uandike juu yake kwa Kinyarwanda kwamba ni mchezo, na namba yako ya simu. Mwombe mwenye mgahawa unaomfahamu akupe kona ya bustani yake. Ukipenda Nyandungu, ile bustani ya kinamasi iliyofunguliwa 2022, anza na uongozi wake. Mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chako, umwambie mapema, kabla hajaambiwa na watu wa irondo, ile doria ya usiku.

Nanyi wasomaji, mkimkuta mtu mzima amepiga magoti kichakani, mkono mmoja umeshika kidude chenye mshale na mwingine uko ndani ya shimo la mti, msikimbilie kumwita askari. Mwulizeni anatafuta nini. Akisema anatafuta sanduku, mwombeni awaonyeshe daftari. Asipokuwa nalo, hapo mwiteni askari.