Seva Chini ya Kitanda

Huku Bugarama kitu kikipungua uzito lazima mtu aulizwe. Tuko jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na hata sisi ambao hatujawahi kushuka duarani tunajua mizani ya dhahabu inavyosomwa: watatu wameinama, wa nne kazima feni isije ikapeperusha gramu. Kwa hiyo mpwa wangu alipotangaza kijiweni kwamba kilo 10 za buni zikishakaangwa zinarudi kilo 8 na nusu, mzee wa kahawa aliweka birika chini.

"Hiyo moja na nusu kachukua nani?"

"Maji hayo, babu. Yanaondoka na mvuke."

Mzee akatazama juu. Kisha akanitazama mimi.

Mpwa wangu amesoma kompyuta Dodoma. Wenzake wanatengeneza programu za benki na za tiketi za mabasi. Wetu karudi na wazo la programu ya wakaanga kahawa. Bugarama! Kahawa yenyewe hailimwi hapa. Huku ni mpunga, mahindi, pamba na mashimo. Buni ya mzee ni robusta ya Karagwe, inapanda basi la kutoka Bukoba, inateremshwa Kahama, inamalizia safari juu ya bodaboda.

Wala si kwamba programu za namna hiyo hazipo. Ipo Artisan, ya bure, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, Rafael Cobo na Marko Luther na wenzao wameijenga kwa miaka. Unatoboa kikaangio, unapenyeza waya wa kipimajoto hadi kwenye buni, kompyuta inachora joto sekunde kwa sekunde. Nikamuuliza: kama ipo, unaandika nyingine ya nini? Akasema Artisan inajua joto, haijui madeni ya bodaboda. Ile ataiachia mchoro. Ya kwake itashika mengine: gunia limenunuliwa bei gani, limekaangwa lini, limepungua kiasi gani, na nani kanywa vikombe vitatu akasema "tutaonana jioni." Hapo nikakosa la kusema.

Siku ya majaribio tulijaa. Kikaangio ni kipande cha bomba alichokichomelea fundi wa makarasha, kinazungushwa na mota juu ya mkaa. Kipimajoto kikasoma nyuzi 190, mzee akamimina buni, na mstari kwenye kioo ukaporomoka hadi karibu na 90.

"Mkaa nimenunua mimi," mzee akasema, "moto nimepuliza mimi, halafu kijana ananiambia joto linashuka?"

Mpwa akaeleza kwamba buni imeingia ikiwa ya baridi na ndiyo inayogusa waya; ngojeni kidogo mstari utageuka. Kweli ukageuka, ukaanza kupanda. Mzee hakuwa na habari. Alishafumba macho. Buni ikapita unjano, ikanukia mkate, halafu mle ndani ikaanza kulia kama bisi. "Imeshaongea," akasema. Kompyuta ikaonyesha nyuzi 199, na wataalamu wanasema mlio wa kwanza hutokea hapo hapo jirani na 200. Yaani tumenunua kipimajoto, waya na chaja ili tuhakikishiwe kwamba mzee ana masikio.

Lakini watu wa kompyuta na kahawa ni ndugu wa tangu zamani, huwezi kuwatenganisha. Mwaka 1991 pale Cambridge, Uingereza, wataalamu walichoka kutembea hadi kwenye birika la ofisi na kulikuta tupu, wakalifungia kamera ili waliangalie wakiwa wamekaa. Miaka miwili baadaye picha ya birika ikawa inatazamwa dunia nzima, na haikuzimwa hadi 2001. Mwaka 1998, tarehe 1 Aprili, wengine wakatoa kanuni kamili za kuendesha birika la kahawa kwa mtandao, kukiwa na kosa namba 418 ambalo mashine inajitetea kwamba yenyewe ni buli la chai. Mpwa wangu kaliingiza hilo kwenye programu yake. Ukikosea nenosiri, simu inakwambia: "Samahani, mimi ni birika." Mzee kalisoma mara moja tu, akauliza kama anatukanwa.

Hayo yote ningeyavumilia. Tatizo ni pale ilipofika zamu ya kuamua programu ikae wapi. Kuna makampuni ya kukodisha seva, yana majengo yenye viyoyozi, majenereta na walinzi. Mpwa hataki. Anakukumbusha Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari na intaneti ya nchi nzima ikalegea. "Mjomba, hesabu za kijiwe cha Bugarama zinakwenda baharini kufanya nini?" Hoja nzuri. Kwa hiyo hesabu zikae hapahapa. Kwa mzee kuna moshi. Kwa mpwa ni chumba cha kupanga, na nusu ya wiki yuko Kahama. Betri ya sola iko chumbani kwangu.

Basi ndiyo iko chini ya kitanda. Ni kile kikompyuta cha Raspberry Pi, kilichoanza kuuzwa 2012 kwa ajili ya kuwafundisha watoto, kinaenea kiganjani na kina taa ya kijani inayokonyeza usiku kucha. Mke wangu anageukia ukutani. Nimepewa masharti: nisifagie kwa fujo, maana vumbi la malori linaingia humo, majirani wasichaji simu kwenye betri ile, nisichomoe waya ghafla, kikadi cha kumbukumbu kitaharibika. Nakala rudufu iko kwenye flashi, na flashi haitakiwi kukaa nyumba moja na seva, kwa hiyo iko Kakola kwa wifi yake mke wangu, ndani ya debe la mchele. Usiku wa manane simu inalia: "Mjomba, shikamoo, hebu izime, hesabu mpaka kumi, uiwashe." Kule kwenye viyoyozi kazi hiyo ina mshahara. Mimi nina kandambili na tochi.

Na mzee, ambaye mchoro hautazami mpaka leo, kanasa kwenye ukurasa wa upungufu. Wiki moja uliruka kutoka asilimia 15 hadi 19. Mpwa akaeleza kwamba kahawa ikiungua zaidi hupungua zaidi, na siku hizo mkaangaji alikuwa mjukuu, anakaanga huku anachati. Mzee kwa mara ya kwanza kampata mtu wa kuulizwa. Tangu hapo kila asubuhi anapita dirishani. "Mwangaluka," ananisalimu, halafu: "Na yeye kaamkaje?"

Habari zikaenea. Kijiwe kizima kinajua madeni yanalala kwangu. Mpwa amenionya kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo nisithubutu kumtajia mtu deni la mwenzake. Kana kwamba mimi naweza hata kuifungua hiyo seva. Hakuna anayeniamini. Bodaboda waliokuwa wananipigia honi tu sasa wanashuka, wanavua kofia, wananiita mzee wangu, wanauliza kama umeme ukikatika vibaya ukurasa wa madeni unaweza kufutika. Juzi mmoja alikuja na jogoo. Nilimweleza habari za flashi iliyoko Kakola, akaondoka kimya, jogoo akamsahau uani, na kabla sijaamua kama hiyo ni rushwa mke wangu alikuwa ameshamtuma mtoto nyanya.