Ukuta wa Kukodi

Vumbi la chokaa bado ninalo puani. Baba mkwe aliondoka jana baada ya alasiri, kofia yake ya vito imegeuka rangi, na tangu hapo mke wangu anazungumza nami kwa kumtumia mtoto. "Mwambie babako chai iko mezani." Mtoto ananitazama, nami nimekaa hatua mbili kutoka kwenye hiyo meza, anasema, "Baba, umesikia?"

Mzee alikuja kwa jambo la heri. Shemeji yangu anaoa, kuna karamu, kuna ukumbi, na familia inachanga. Nilimjibu kwa upole anaostahili mkwe kwamba mwezi huu mkono umekauka, labda mwisho wa mwezi, Mungu akijaalia. Hakunikasirikia. Alisema, "Si neno, mwanangu, hata dua ni mchango," akainuka kujinyoosha miguu wakati kahawa inapikwa. Na katika chumba chetu cha mbele hapa Timbwani, Likoni, mtu akiinuka kujinyoosha miguu hana pa kwenda ila kwenye rafu ya vitabu.

Chumba chenyewe kinatosha kochi, meza, na magoti ya wageni wanne wasiopenda kutembea. Kabati halikupata nafasi, kwa hivyo vitabu vilipandishwa ukutani kwenye mbao tatu za saipresi zilizopakwa vanishi, zikakalishwa juu ya vyuma vya L. Hapo ndipo mke wangu alipoanza kuipamba rafu. Kanuni alizitoa kwa mabinti wa TikTok, ambao wana madhehebu yao kamili kuhusu rafu: theluthi moja vitabu, theluthi moja mapambo, na theluthi moja iachwe wazi ili rafu ipumue. Watoto wetu wawili wanalala kitanda kimoja, mguu wa huyu kwenye mbavu za yule, lakini rafu lazima ipumue. Vitabu vipangwe kwa rangi, kutoka nyeupe kwenda kahawia. Kitabu chenye rangi isiyolandana na wenzake kigeuzwe, mgongo ukutani, kurasa nje. Baada ya hapo ukiitaka Kamusi ya Kiswahili Sanifu unaitafuta kwa unene.

Mapambo yakafuata: mrashi wa shaba, chetezo ambacho hakijawahi kutiwa kaa, maua ya plastiki. Na juu kabisa, vitabu vitatu vikubwa vyeupe, vyenye jina la kampuni moja ya manukato ya Ufaransa kwa herufi za dhahabu. Hivyo si vitabu. Ni maboksi. Yanauzwa madukani mwa mapambo, jalada gumu, ubavuni pamechorwa mistari ili paonekane kurasa, na ndani hewa tupu. Boksi moja lilitugharimu zaidi ya diwani nzima ya mashairi, na diwani yenyewe inauzwa ikiwa imebebeshwa VAT ya asilimia 16, mzigo ambao vitabu vilitwishwa na sheria ya mwaka 2013. Lakini boksi lina faida yake. Mwizi wa Likoni atafungua droo, atainua godoro, atakung'uta mkebe wa sukari, kitabu hatakifungua. Kwa hivyo pesa za kodi ya nyumba zilikuwa zinalala humo.

Mzee alifundisha Kiswahili mpaka alipostaafu, na mkono wa mtu aliyeishi na vitabu una akili zake. Macho yanapoona kitabu kinene, misuli inapewa habari kabla vidole havijagusa: jiandae, huyu ana kilo mbili. Bega linakaza, kiwiko kinapanga hesabu, mwili unaegemea nyuma kidogo kuupokea mzigo. Mzee aliliona lile boksi la katikati, kubwa kuliko yote, akasoma lile jina la Kifaransa kwa mashaka, akalivuta kwa heshima zote anazoupa msahafu. Boksi lilikuwa jepesi mno. Nguvu aliyoiandaa haikupata kazi, ikamrudia mwenyewe. Boksi likaruka juu kupita kichwa chake, mzee akaenda nyuma, na mkono wake wa pili, kwa silika ya mtu yeyote anayeanguka, ukatafuta pa kushika. Ukashika ukingo wa ubao wa juu.

Sikuwahi kujua kwamba ukuta una sauti. Ulikohoa. Vyuma vya L vikatoka na skrubu zake, skrubu zikatoka na plastiki zake, plastiki zikatoka na mabonge ya plasta, na ubao wa kwanza ukaupiga wa pili, wa pili ukaupiga wa tatu. Chetezo kikaviringika hadi mlangoni. Wingu jeupe likapanda. Na ndani ya lile wingu, polepole, bila haraka yoyote, noti za elfu moja moja zikawa zinashuka. Moja ilitua begani kwa mzee.

Kimya. Kisha kutoka upande wa pili wa kiambaza, sauti ya mama jirani: "Jamani, ni kwenu au ni kwangu?"

Mzee aliinama, akaanza kuokota noti moja baada ya nyingine. Alizilinganisha, akazifuta vumbi kwenye kanzu, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Ulisema mkono umekauka, mwanangu," alisema. "Kumbe maji yote yako kitabuni." Nilitaka kumwambia kwamba hizo ni za mwenye nyumba, kwamba kesho kutwa nazipeleka, kwamba naweza kumwonyesha hata risiti za nyuma. Lakini mtu aliyemwagikiwa na fedha zake mwenyewe mbele ya mkwe hana risiti ya kumtetea.

Halikuishia hapo, na kwa kweli hiki kilichofuata ndicho kinachonikosesha usingizi. Katika kile kifusi mzee aliona kijitabu chembamba, akakipuliza, akakigeuza. Ilikuwa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, iliyotoka mwaka 1973. Mzee aliwasomesha watoto wa watu mashairi hayo. Anajua kwamba mwandishi alitiwa ndani kutoka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya karatasi yake ya Kenya: Twendapi?, na kwamba mashairi aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Anajua pia, na hupenda kulisema kwa jicho moja limefumbwa, kwamba mwaka 1974 kitabu hicho kilipewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Akaniuliza kilikuwa kimekaa wapi. Mtoto, ambaye hajui kunyamaza, akajibu: "Kiligeuzwa, babu. Rangi yake haikuingiana."

Mzee alikitazama kitabu, akanitazama mimi. "Serikali ilimfungia miaka mitatu," alisema. "Nyinyi mmemgeuza uso ukutani bila kesi." Akakitia mfukoni mwa kanzu, na sidhani kitarudi.

Asubuhi ya leo nimemwita fundi, na kwa kuwa hapa nyumbani hakuna mtu wa kuzungumza nami, nimekaa naye mpaka adhuhuri. Nimejifunza mambo ambayo laiti shule ingenifundisha badala ya urefu wa mto Mississippi. Pwani yetu imekaa juu ya matumbawe ya kale, yaliyoota zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Machimbo ya Kwale na Kilifi yanayakata mapande kwa mapande, na ndizo nyumba zetu. Fundi alinivunjia kipande kutoka kwenye lile shimo akakiweka kiganjani mwangu. Kimejaa vijumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, na kwenye kona moja kuna gamba la konokono wa baharini, zima kabisa, limebanwa humo tangu kabla ya binadamu kujua kupiga msumari.

Sasa, ile plastiki yenye meno inayotangulia skrubu haishiki jiwe kwa gundi. Skrubu inapoingia, plastiki inatanuka, inazikandamiza kuta za shimo, na msuguano ndio unaozuia isitoke. Kwenye zege ni sawa, zege nayo inabana. Kwenye tumbawe, ukikandamiza, vile vijumba vinapondeka, shimo linapanuka, na skrubu inabaki inaning'inia kwa heshima tu. Halafu kuna hili, ambalo lilinifanya nichukue kalamu: uzito wa rafu hauvuti chini peke yake, unavuta na kwenda nje. Vitabu vya kilo 20, vikiwa na kitovu cha uzito sentimita 15 kutoka ukutani, juu ya chuma chenye kimo cha sentimita 15, vinazivuta skrubu za juu kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 20 hizohizo. Akija mzee akauvuta ukingo wa mbele, sentimita 30 kutoka ukutani, kwa kilo 10 tu, tayari ameongeza 20 nyingine. Mkono wa mzee ulihesabiwa mara mbili. Nilitamani kumpigia simu nimweleze kwamba si yeye, ni nyenzo. Mke wangu akamtuma mtoto aje aniambie niiweke simu chini.

Wazee wetu walilitatua jambo hili bila skrubu hata moja. Katika majumba ya mawe ya Lamu na Pate ya karne ya 18, rafu haikutundikwa ukutani. Ilijengwa humo humo. Zidaka zilipangwa safu juu ya safu kwenye chumba cha ndani, zikanakshiwa kwa plasta, zikawekwa sahani za kauri za Uchina, vitabu na msahafu. Nao vyumba vyao vilikuwa vyembamba, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambayo kwa kawaida haifiki mita tatu. Lakini ukuta ulikuwa mnene karibu nusu mita, kwa hivyo nafasi walizozikosa sakafuni walizipata ndani ya ukuta. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka katika Al-Inkishafi tuone jinsi fahari ya Pate ilivyoanguka, alituonyesha hizo zidaka: mahali pa vyombo pamekuwa malazi ya makinda ya ndege. Zidaka zenyewe, angalieni, hazikuanguka. Vyombo vilikwenda, wenyewe walikwenda, rafu ikabaki.

Ila wao walikuwa na ukuta. Hicho ndicho kinachonichoma, na hapa sicheki. Mimi kila mwezi nalipia kiambaza cha jiwe la inchi sita, upande mmoja wangu, upande mmoja wa mama jirani, na mkataba unasema nisitoboe. Nisitoboe, nisipake rangi, nisipigilie. Kwa hivyo nakodi hewa iliyo katikati ya kuta nne, kuta zenyewe si zangu. Tulipohama nyumba ya awali, keateka alizunguka vyumbani na kalamu akihesabu matundu ya misumari, mengine tuliyakuta sisi wenyewe, na dipoziti ikaisha kabla hajafika jikoni. Hakukuwa na fundi aliyekuja kuyaziba. Nilipita pale baadaye nikaona pazia la mpangaji mpya limetundikwa kwenye msumari wangu.

Mengine ni madogo. Mbao tulizileta kutoka kisiwani Mombasa kwa mkokoteni, na kwenye feri mbuzi wa mtu alikula kona moja. Masika yaliyopita koga lilianza kwenye vitabu vyeupe, vya kahawia likaviacha. Mchwa nao wamesoma nusu ya tafsiri moja ya Shakespeare wakaishia hapo.

Kwa sasa vitabu vimepangwa sakafuni ndani ya kreti za soda, migongo nje, rangi zote zimechanganyika. Pesa za kodi zimepelekwa, pungufu kidogo, kwa sababu mchango wa shemeji ulitoka jana ileile, na ulitoka mnono. Keateka wa hapa ameshaliona shimo. Mchana huu limetoka tangazo la kuwaonya wapangaji wote kwamba ni marufuku kugonga kitu chochote kwenye kuta za ploti hii, na atakayekaidi atakatwa dipoziti. Limepigiliwa ukutani pale penye mita za stima, kwa misumari minne ya inchi nne. Nimeijaribu mmoja mmoja kwa kidole. Aliyeipiga alichagua mahali pa saruji, haitikisiki.