Oska Amenuna Tena

Ukitaka kujua nani mwenye nyumba kwangu, usihangaike na hati ya kiwanja. Ingia tu sebuleni. Wakati mimi bado natafuta kandambili nije nikukaribishe, samaki atakuwa ameshafika kwenye kioo, macho yamemtoka, anakagua mikono yako kuona umemletea nini.

Huyu ni oska, kabila la maji ya Amazon: Brazili, Peru, Kolombia huko. Aliyeniuzia alimtoa kwenye mfuko wa nailoni akiwa hajafika urefu wa kidole, akaniapia, "Huyu hakui, mzee. Anajipima kwa tangi." Uongo huo unauzwa dunia nzima pamoja na samaki wenyewe. Oska anafika sentimita 30 na ushei, tena hana subira. Kila nikitoka safari namkuta mtu mwingine. Ikabidi litafutwe tangi la lita 300. Lita 300 za maji ni kilo 300, kabla hujahesabu kioo na kokoto, kwa hiyo meza ya televisheni ilistaafishwa nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Alipomaliza kunisikiliza akauliza, "Mzee, unaweka jenereta au?"

Nikampambia. Mimea, kokoto nyeupe, kipande cha mti. Mimea aliing'oa yote siku ile ile, mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akaanza ujenzi: anabugia kokoto, anavuka nazo, anazitema upande wa pili. Kukicha tu utazisikia zikigonga kioo. Shukrani yangu kwake ni moja tu, kwamba anapenda maji ya nyuzi 24 hadi 28, na joto la Dar es Salaam halina bili.

Bili iko kwenye maji yenyewe. Mwenzetu anakula sana, na anayekula sana mnajua mwisho wake. Uchafu wake unatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio wanaigeuza kuwa naitraiti, nayo bado sumu, halafu naitreti, iliyopoa kidogo lakini haiendi popote mpaka umwage maji. Kwa hiyo kila wiki namwaga theluthi nzima. Ya bomba nayo hayaingii moja kwa moja, maana klorini inamuunguza matamvua. Lazima yalale kwanza kwenye pipa. Pipa hilo hilo ndilo Mama Neema analolitegemea wiki ya mgao.

"Baba Neema," aliniuliza akiwa na taulo begani, "sisi tunaoga kwa kopo, samaki anabadilishiwa maji?"

Nilijifanya naangalia chujio.

Umeme ukikatika ndiyo usiseme. Wengine wanawasha mishumaa, wengine wanalala. Mimi nasimama gizani na jagi, nachota maji tangini na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa, kwa sababu pampu imezima na bakteria wa sponji nao wanataka oksijeni. Jirani alinichungulia dirishani usiku mmoja, akaondoka bila kuaga. Sasa ananiamkia kwa heshima ya ajabu, ile wanayopewa watu wanaodhaniwa wana mambo yao.

Na baada ya jasho lote hilo, bwana mkubwa ananuna. Sisingizii, wafugaji wa oska kila mahali wanalalamikia tabia hii. Ukimbadilishia maji au ukisogeza jiwe lake, anashuka chini, anafifia rangi, analala ubavu kama shemeji aliyesahauliwa kwenye kadi za harusi. Mara ya kwanza Neema aliangua kilio, na mimi nilishaanza kufikiria nitachimba wapi kaburi. Nikatia kamba mmoja majini. Marehemu akainuka, akameza, akarudi kulala ubavu. Kamba, nasema, wakati mezani kwetu kuna dagaa. Nyama ya ng'ombe haimfai, eti mafuta yake hayasagiki vizuri tumboni mwake.

Karibu na mkia ana doa jeusi lililozungushiwa rangi ya chungwa, mfano wa jicho. Wataalamu wanadhani huko kwao linawachanganya piranha wanaopenda kung'ata mapezi. Kwangu hakuna piranha. Kuna Mama Neema tu, na yeye akitaka kung'ata ananitafuta mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za ndugu zake, hao wanaoitwa siklidi, wazuri wa kutosha kusafirishwa kwa ndege kutoka Kigoma mpaka sebule za Ulaya. Wazungu wanafuga wa kwetu, mimi namvulia kofia wa Amazon.

Sato naye yumo kwenye ukoo huo huo, jambo ambalo mjomba wangu wa Mwanza hakuhitaji kuelezwa. Alisimama mbele ya tangi, akamtazama kwa utulivu wa mtu anayejua anachokiona, akauliza limau liko wapi. Nikamwambia hapana, mjomba, huyu ni wa kutazama. Kwa kujitia msomi nikaongeza kwamba huko Brazili, kweli, watu wanamla. Tangu siku hiyo mjomba haniulizi habari za watoto. Anapiga simu kuuliza samaki kafika kilo ngapi.