Sifa za Rezista Isiyo na Miguu

Rezista ya kubandikwa juu ya bodi haina miguu wala mistari ya rangi, na ile ya saizi 0402 ya inchi ina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita. Fundi wa Gahanga, wilayani Kicukiro, Rwanda, hupata tabu kuisifu kwa sababu haioni.

Ina majina ya kutosha: 0603 ya inchi ina urefu wa milimita 1.6, ya metriki milimita 0.6, na muuzaji asiyetaja kipimo hutuma yoyote. Inajua kujificha: mpira ukipotea majanini katika uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa 2017, hupatikana, rezista iliyoruka kutoka kwenye kibano haipatikani.

Kuilehemu kuna adabu yake. Pedi moja hutiwa lehemu, kipande hushikiliwa hapo lehemu ikiyeyushwa tena, ndipo upande wa pili humaliziwa, flaksi ikiwa tele. Lehemu ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183. Isiyo na risasi husubiri hadi 217 hivi. Kwa hewa ya moto, upande mmoja ukitangulia kuyeyuka, kipande husimama wima kumpa fundi heshima.

Lakini sifa kuu ni ukarimu. Kitu cha bei isiyofika senti moja ya dola hulisha ukoo mzima. Hula duka la ng'ambo, ambalo bei yake nzuri huanzia roli la vipande 5,000. Hula msafirishaji, anayetoza makumi ya dola kwa bahasha isiyo na uzito. Hula wakala wa forodha, na hula kodi ya VAT ya asilimia 18, inayohesabiwa juu ya nauli pia. Watu wazima wenye viti na mihuri hupata riziki kwa kitu kinachopotea chini ya ukucha!

Na fomu ya kuagiza hugoma bila postikodi, ambayo Rwanda haitumii. Barabara za Kicukiro zina alama ya KK na namba, lakini hizo hazitakiwi. Zikiandikwa sifuri tano, fomu hupita: uongo umekubaliwa, anwani ya kweli imekataliwa.

Rutongo, kaskazini mwa Kigali, huchimbwa bati, na Rwanda ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa tantali, madini ya kapasita. Huondoka kwa tani. Lehemu na kapasita huja kwa gramu, na penye swali la nchi zilikotoka, jibu linalokubalika si Rwanda.