Mkazi Asiye na Kadi

Wengine na wamsifu ng'ombe. Mbarara wamemjengea sanamu, pembe zimepaa, kifua mbele, na mgeni humpiga picha kabla hata ya kuuliza hoteli iko wapi. Sina ugomvi na ng'ombe wa Ankole, wala siwezi kuuanzisha katika mji ule nikatoka salama. Nasema tu kwamba kumsifu mnyama mwenye pembe ndefu kuliko mkono wa mchungaji wake ni kazi nyepesi. Mtu mzima asifu kunguni.

Na simsemi kunguni wa kitanda, ambaye kila usiku hujitangaza mwenyewe. Namsema yule wa kwenye pembe ya paa, pale turubai linapokutana na ukuta wa udongo na buibui ametandika utando wake. Ukimwona utasema ni mbu aliyekonda. Ukimtazama tena utasema ni kijiti. Ukimtazama mara ya tatu, buibui hayupo. Wataalamu humwita kunguni muuaji wa miguu ya uzi, na kwa mara moja wataalamu wamesema kitu ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho yake.

Tuanze na ukoo, maana hapa Nakivale, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, hakuna jambo linaloanza bila ukoo. Ukifika mapokezi na mkoba wako mmoja unaulizwa jina, jina la baba, la mama, ulikotoka, kabila, mko wangapi; vidole vinachukuliwa alama, na unapewa karatasi utakayoitunza kuliko dhahabu ya bibi. Kwa namna moja au nyingine ndivyo ilivyo tangu 1958, walipopokewa Watutsi waliokimbia Rwanda, hadi leo, ambapo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, zaidi ya watu 150,000, wamepangwa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Mtukufu wangu hajawahi kusimama kwenye foleni ile hata dakika moja, na bado faili lake ni nene kuliko la yeyote kati yetu.

Oda: Hemiptera, pamoja na vidukari na nyenje. Familia: Reduviidae, kunguni wauaji, spishi karibu 7,000, watu wa shari mtupu. Nusufamilia: Emesinae. Hapo ndipo kwao, na ndugu zake wa nyumba hiyo ni zaidi ya spishi 900 katika jenasi zinazokaribia 90. Na kabila analo, tena la maandishi. Mwaka 1966 Pedro Wygodzinsky, mzaliwa wa Ujerumani aliyepitia Brazili na Argentina kabla ya kutua New York, alichapisha kitabu cha kurasa zaidi ya 600 juu ya hawa tu, akawagawa makabila sita: Collartidini, Leistarchini, Emesini, Ploiariolini, Deliastini na Metapterini. Wale wa Afrika walikuwa wamekwisha kuandikishwa mwaka 1949 na Mfaransa André Villiers. Kurasa mia sita! Mimi nimewahi kuombewa barua ya nusu ukurasa na ikachukua msimu mzima wa mvua.

Lakini hata faili la kunguni hufunguliwa upya. Siku hizi wasomaji wa vinasaba wamelipitia, wakaona baadhi ya makabila ya 1966 yamechanganya wasio ndugu, na hata mpaka kati ya Emesinae na majirani zao Saicinae umetiwa shaka. Aliyewahi kuitwa uhakiki Nakivale anaijua hali hiyo: unalala ukiwa mtu wa kijiji fulani, unaamka jina lako halionekani kwenye mashine. Tofauti ni kwamba kunguni akihamishwa kabila hapotezi mgao.

Na tukifika kwenye mgao ndipo sifa zake zinapong'aa. Tangu 2023 chakula cha msaada nchini Uganda kinatolewa kwa madaraja ya uhitaji: kuna wanaopata zaidi, kuna wanaopata kidogo, na kuna walioambiwa wanajiweza, hao hawapati kitu. Mpeleke huyu mbele ya meza ya tathmini. Mwili ni unyuzi, miguu minne ya nyuma ni nywele, hatembei bali anayumba kama anayetafuta mahali pa kuanguka. Daraja la kwanza, bila swali la pili! Kumbe asubuhi amekula buibui mzima, na miguu yake miwili ya mbele, ile anayoikunja kifuani kama mwumini, ni mitego kama ya vunjajungu. Nani kati yetu amewahi kushiba hivyo na bado akaonewa huruma?

Sasa kazi yake, ambayo hata adui hawezi kuikana uzuri. Buibui wa utando haoni vizuri. Utando ndio jicho lake na sikio lake. Kila kinachogusa uzi kinaandikwa kwenye miguu ya mwenye nyumba. Kuingia humo bila kuandikwa ni ufundi, na ufundi huo umechunguzwa kwa makini Australia, kwa ndugu zake wa jenasi ya Stenolemus, ambayo hata Afrika ipo. Stenolemus giraffa hukata nyuzi zinazomzuia, lakini haziachii zikaruka; huzishika ncha kwa miguu ya mbele na kuzilegeza polepole ili mtikisiko usifike kwa mwenyewe. Stenolemus bituberus husubiri upepo. Upepo ukitikisa utando wote, naye husogea ndani ya mtikisiko huo, hatua zake zikapotea humo.

Akichoka kutembea, humwita buibui aje. Anaupigapiga uzi kwa miguu ya mbele kwa namna ya mdudu mdogo aliyenaswa na anayekata tamaa. Buibui anakuja mbio kula. Kunguni anamgusa kwa papasi, taratibu, kisha anamchoma mdomo, anamwaga mate yanayoyeyusha nyama za ndani, na anafyonza. Mbarara nzima inamjua mwenye mbinu hii. Ndiye anayekupigia simu akisema kwa sauti ya kilio kwamba amekutumia pesa kwa makosa, naomba unirudishie ndugu yangu, na wewe unakimbilia simu ukidhani uzi unaotikisika ni wa kwako. Nampongeza kunguni kwa kuwa na adabu zaidi: yeye hakuombi namba ya siri.

Wengine wa ukoo huo hawataki hata taabu ya kuua. Wanaishi ndani ya utando wa mtu, wanakula nzi na mbu walionaswa kwa jasho la mwenyewe, na wapo wanaokula mayai ya buibui. Nimeishi kambini muda wa kutosha kujua kwamba anayesuka na anayekula si lazima wawe mtu mmoja, na kwamba wa pili ndiye huonekana mstaarabu zaidi.

Siwezi kuacha uenezi wake. Wapo wenye mabawa na wasio nayo, wa milimita chache na wa zaidi ya sentimita tatu. Jenasi ya Bagauda, ya Afrika na Asia, ina wapenda mapango. Na mwaka 2013 wa pangoni mwingine, Phasmatocoris labyrinthicus, alielezwa kutoka Arizona, Marekani. Empicoris rubromaculatus amesambaa karibu dunia nzima bila kusubiri ndege ya mtu. Na wapo Ghilianella wa Amerika ya Kusini, ambao watoto wao wachanga wameonekana wakisafiri wamejikunja kwenye mwili wa mama. Hapo sina la kuchekesha. Akina mama wengi wa Juru walifika hivyohivyo.

Adui zangu, najua, wana mashitaka matatu. La kwanza ni la damu: binamu zake wa nusufamilia ya Triatominae hueneza ugonjwa wa Chagas Amerika ya Kusini na ya Kati, kama alivyogundua Carlos Chagas mwaka 1909. Kweli. Lakini tangu lini mtu ahukumiwe kwa kosa la binamu aliye ng'ambo ya bahari? Mteja wangu hanywi damu yako wala haleti ugonjwa wowote.

La pili, kwamba anaiba mbu wa buibui. Nauliza mahakama: mbu aliyenaswa akiliwa na mwenye nyumba au na mwizi, ni lini amerudi kumwuma mtoto wako?

La tatu ndilo zito. Anamuua buibui, na buibui ni askari wetu dhidi ya malaria, ambayo sisi wa Isingiro, wilaya yetu hii ya Nakivale, hatuhitaji kuelezwa. Upande wa mashitaka huwa na shahidi wa kutisha hapa: Evarcha culicivora, buibui mdogo wa ukanda wa Ziwa Victoria, aliyechunguzwa sana Mbita, Kenya, ambaye huchagua mbu aliyekwisha kushiba damu na kumwacha aliye mtupu. Shahidi wa heshima, nakubali. Ila shahidi huyu ni buibui mrukaji. Hasuki utando wa kunasia. Huwinda kwa macho, tena makali, ukutani na majanini, na mtaalamu wa kutikisa nyuzi hana uzi wa kumtikisia. Wanalindana na mteja wangu kwa kutokutana. Ombi langu ni kwamba ushahidi huo uondolewe kwenye jalada, na mashitaka yalete buibui mwingine.

Mpaka atakapoletwa, jirani anayefagia paa Jumamosi apitishe ufagio wake mbali kidogo na ile pembe. Na anayetaka kumpongeza ampongeze kwa macho tu, asimshike. Ukoo mzima una mdomo wa kudunga, na akibanwa hataangalia kama ni wewe uliyemwandikia sifa.