Sifa za Hamoniki

Mkondo wa umeme umesifiwa vya kutosha. Unawasha taa, unasukuma pampu, mwisho wa mwezi unaleta bili. Mimi namsifu Hamoniki, yule mvumo aliyekuwa akijipenyeza kwenye simu ya mezani na kuwangurumia watu masikioni wakiwa katikati ya maneno.

Nasaba yake si haba. Kazaliwa tumboni mwa jenereta, kwenye mifereji ya chuma zinamolazwa koili za shaba. Sumaku ya rota hupita mbele ya jino, kisha mfereji, kisha jino tena, na kila hatua huacha kikunjo kwenye wimbi lililotakiwa liwe laini. Chukua jenereta ya Marekani ya hezi 60, yenye mifereji 18 kwa kila jozi ya ncha za sumaku. Humo huzaliwa pacha, wa 17 na wa 19, kila mmoja akiitwa kwa idadi ya mara anazozidisha hezi hizo 60: mmoja anaimba kwa hezi 1,020, mwenzake 1,140. Yaani pale pale inapopita sauti ya binadamu! Mmbea gani mwingine anaijua baraza yake hivyo?

Na cheo chake kipo kwenye maandishi. Watu wa umeme na watu wa simu wa Marekani waliandaa jedwali la kupima kero hiyo. Katika toleo la 1960, mkondo wenyewe wa hezi 60, unaoendesha viwanda, umepewa uzito wa 0.5. Wa 17 kapewa 5,100. Kampita bosi wake mara elfu kumi, na kazi hafanyi.

Wahandisi wakaona wivu. Wakailaza mifereji mshazari, wakafupisha hatua ya koili kuwanyamazisha wa 5 na wa 7, wakasokota nyaya za simu mbili mbili. Jenereta zikatoka bora, shukrani hakupata. Wajanja zaidi ni wa 3, wa 9 na wa 15: fezi zikikutana kwenye nyutro wenzao hufutana, wao hujumlika, kisha hurudi kwa njia ya ardhi, bila nauli, wakizisalimia simu za waya mmoja zilizotegemea udongo huo huo.

Leo mkongo wa nyuzi za kioo haumsikii kabisa. Msimwonee huruma: chaja na taa za LED humzaa wa 3 kwa wingi, na nyutro za maghorofa zinapata joto kwa ajili yake.